Uzi maalumu: Mafunzo ya EMT huku Marekani, kwa yeyote anayetaka kuingia kazi ya gari la wagonjwa

Mbebamachela (Columbus, Ohio), mwenye uzi

Wanajukwaa, habari za muda huu. Nimepokea ujumbe wa faragha kutoka kwa watu kadhaa wakiniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti, yaani namna ya kusomea kazi ya gari la wagonjwa huku Marekani, nami nimeona ni heri nijibu hapa mara moja ili atakayekuja kesho asome. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Ohio, na huu ni mwaka wa tatu ninafanya kazi ya mhudumu wa dharura katika gari la wagonjwa, cheo ambacho huku huitwa EMT, nami nitakiita hivyo kwa sababu hata ndugu zetu wa Nairobi wanakiita hivyo. Kabla ya hapo nilikuwa nikipanga maboksi usiku katika ghala, na sikuwa na elimu yoyote ya tiba zaidi ya ile ya kumpepea mtu aliyezimia.

Niseme kwanza lililonishangaza. Niliingia darasani nikidhani kwamba nitafundishwa ujasiri, yaani namna ya kuvumilia damu, kukimbia na machela, na kuendesha gari kwa king'ora. Kumbe sehemu kubwa ya mafunzo ni kufundishwa kutazama na kuuliza kwa mpangilio usiobadilika, hata pale macho yako yanapovutwa kwa nguvu na jambo jingine. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyestaafu kutoka zimamoto, alilaza mwanasesere sakafuni akiwa na mguu uliovunjika na mfupa wa plastiki umetokeza nje ya suruali, akatuita mmoja mmoja. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mguu. Aliniacha nifunge bandeji yangu vizuri kabisa, kisha akanionyesha mambo mawili: uzi mweusi uliolala karibu na kichwa cha mwanasesere, ambao ulikuwa ni waya wa umeme uliokatika, na kinywa kilichojazwa maji yaliyotiwa rangi. Kwa hiyo mgonjwa wangu alikuwa amekufa kwa kukosa hewa wakati ninahangaika na mfupa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kupigwa na umeme kabla ya kumfikia.

Tangu siku ile niliuelewa mpangilio. Unaanza kwa kujikinga na kuhakikisha kwamba mahali ni salama, unajiuliza kilichotokea ni nini, wagonjwa ni wangapi, na kama unahitaji msaada zaidi, yote hayo kabla hujapiga magoti. Ukimfikia mgonjwa, damu inayomwagika kwa wingi ndiyo ya kwanza, kisha njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika nne hadi sita bila oksijeni. Mfupa uliotokeza nje unaweza kusubiri, ulimi ulioziba koo hausubiri. Mambo haya yakiandikwa yanaonekana mepesi, lakini mimi niliyarudia nyumbani kwa wiki nzima nikimpima mto wa kochi, na mke wangu akicheka.

Sasa kuhusu ngazi na muda. Hapa kuna ngazi nne zinazotambulika kitaifa. Ya chini ni ya mwitikiaji wa kwanza, ambayo polisi na wazimamoto wengi wanayo. Ya pili ndiyo EMT. Ya tatu ni EMT wa juu, ambaye anaruhusiwa kuweka dripu na kutoa dawa chache zaidi. Na ya nne ni paramediki, ambaye husoma kwa saa zaidi ya 1,000 na huweza kusoma mchoro wa umeme wa moyo, kuingiza mrija kooni na kutoa dawa nyingi. Kozi ya EMT huchukua takribani saa 150 hadi 200 kutegemea jimbo na chuo. Yangu ilikuwa ya jioni mbili kwa wiki na Jumamosi mbili kwa mwezi, katika chuo cha jamii, na ilichukua miezi minne na nusu. Nililipa dola 1,100 pamoja na kitabu, na kitabu hicho ni kizito kuliko mtoto mchanga. Utatakiwa uwe na umri wa miaka 18 katika majimbo mengi, rekodi safi ya polisi, chanjo ikiwamo ya homa ya ini aina ya B, kipimo cha kifua kikuu, na cheti cha kufufua moyo na mapafu.

Hicho cheti cha kufufua hupatikana kwa siku moja, lakini usikidharau. Unabana kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hivi bila kuzidi sita, unakiacha kifua kirudi juu kabisa kila baada ya kubana, mibano 30 kisha pumzi mbili. Baada ya dakika mbili jasho linakutoka na mikono inatetemeka, ndiyo maana mnapokezana. Wanafunzi wenye miili mikubwa walikuwa wakibana kwa haraka mno, nusu ya kina kinachotakiwa, na mashine ikawaumbua.

Baada ya masomo ya darasani unakwenda kwenye gari na katika chumba cha dharura cha hospitali ili ufanye tathmini kwa watu halisi. Sisi tulitakiwa tufikishe wagonjwa kumi. Wa kwanza wangu alikuwa bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini aliyeteleza jikoni. Hakuwa na jeraha la kuonekana isipokuwa uvimbe mdogo nyuma ya kichwa, anatabasamu, anataka tumwache amalizie chai yake. Paramediki niliyekuwa chini yake aliniambia nimuulize dawa anazotumia, akataja dawa ya kuzuia damu kuganda. Hapo sura ya kazi ikabadilika palepale, kwa sababu mtu anayetumia dawa hiyo akigonga kichwa anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu polepole huku akizungumza nawe vizuri kabisa. Tulimpeleka. Swali moja tu, wala halikuhitaji kifaa chochote.

Sasa aibu yangu. Mtihani wa kitaifa nilifeli mara ya kwanza. Ni mtihani wa kompyuta, wa maswali kati ya 70 na 120 kwa muda usiozidi saa mbili, na kompyuta hukupa swali linalofuata kulingana na ulivyojibu lililotangulia: ukipatia linakuwa gumu zaidi, ukikosea linashuka, mpaka mashine yenyewe iwe na uhakika kama umefikia kiwango au hujafikia. Ada yake ilikuwa dola 104 nilipofanya mimi. Kilichonifelisha ni kwamba majibu yote manne mara nyingi ni mambo sahihi ya kufanya, na unachoulizwa ni lipi linatangulia. Mimi nilikuwa nikichagua lile lililonisisimua zaidi. Mgonjwa ana pumu, nami nachagua dawa ya kuvuta kabla sijachagua kusikiliza mapafu. Unasubiri siku 15 ndipo urudie. Ukifeli mara tatu unatakiwa usome tena saa 24 za marudio kabla ya kupewa nafasi nyingine tatu. Mara ya pili nilijiwekea kanuni moja tu, kwamba sichagui tiba yoyote ambayo tathmini yake sijaiona ndani ya swali, na kompyuta ilizimika mapema, nikadhani imeharibika. Nilikuwa nimefaulu.

Karibuni kwa maswali.

Binti Pongwe

Kaka yangu wa Tanga, shikamoo, na asante kwa uzi huu uliotulia. Mimi niko huku mwaka wa pili, ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na nimekuwa nikiitamani kazi hii kila gari la wagonjwa linapokuja kumchukua mzee wetu mmoja. Nina hofu mbili. Ya kwanza ni Kiingereza changu, ambacho kinatosha kazini lakini si cha vitabu. Ya pili ni kwamba mimi ni mfupi na mwembamba, na nimeona watu wanaobebwa huku ni wazito kweli kweli. Je, nijaribu au nisubiri?

Mbebamachela

Marahaba dada yangu, na karibu. Nianze na uzito kwa sababu jibu lake ni fupi. Huinui peke yako, unainua na mwenzako, na machela ya siku hizi nyingi zina betri inayozipandisha. Pale penye shida ni ngazi. Nyumba za ghorofa tatu zisizo na lifti ziko nyingi, na mgonjwa hushushwa kwa kiti maalumu chenye mikanda ya mpira inayoteleza juu ya kingo za ngazi. Utafundishwa kuchuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, kuweka mzigo karibu na mwili, kuinua kwa miguu na kutojipinda kiunoni ukiwa umebeba. Waliostaafu mapema kwa ajili ya mgongo ninaowafahamu mimi wote ni wanaume wenye vifua vipana waliokuwa wakijiamini. Kazi yako ya sasa ya kugeuza wazee kitandani imekwisha kukufundisha nusu ya jambo hilo.

Kuhusu lugha, mtihani ni wa Kiingereza, na hilo halikwepeki. Soma maswali ya mazoezi kwa sauti, na uyajue maneno ya mwili na ya mahali kwenye mwili kabla ya kuanza kozi. Lakini ningependa nikueleze kitu ambacho hakuna aliyeniambia, kwamba ugumu mkubwa zaidi ulinijia kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza.

Mji huu una familia nyingi kutoka Kongo, Burundi, Kenya na kwetu, na zamu yangu ikiitwa katika nyumba zao mwenzangu hunitazama mimi. Nilidhani itakuwa rahisi. Hebu fikiri mtu anakwambia, "Mguu unaniuma." Kiswahili chetu kinaita mguu kila kitu kuanzia nyonga hadi kidole, na mkono kuanzia bega hadi ukucha. Maneno paja, goti, muundi, kifundo na wayo tunayo, ila mtu mwenye maumivu hayatumii, na mimi katika ripoti sina budi kuchagua. Sasa namwomba aweke kidole kimoja pale panapouma zaidi, na kama anaweka kiganja kizima badala ya kidole, hilo pia ninaliandika.

Chukua neno kuanguka. Binti anakwambia, "Mama ameanguka." Inawezekana amejikwaa kwenye zulia, inawezekana amezimia, na inawezekana amepata kifafa, kwa sababu wengi wetu tunakiita ugonjwa wa kuanguka ili tusilitaje jina lake. Hizo ni njia tatu tofauti kabisa: ya kwanza natafuta mifupa, ya pili natafuta moyo na sukari, ya tatu nauliza mtikisiko ulidumu dakika ngapi na kama alijing'ata ulimi. Nimejizoeza kuuliza, "Aliteleza, au alilegea, au alitikisika?" Mkenya akisema ana homa mara nyingi anamaanisha mafua, Mtanzania anamaanisha joto la mwili. Mtu "mwenye kifua" anaweza kuwa na kikohozi cha miezi miwili, nami nikatakiwa nivae barakoa kabla ya kumkaribia, au anaweza kuwa amebanwa kifua sasa hivi na nikatakiwa nifikirie moyo. Presha inaweza kuwa imepanda, imeshuka, au ni wasiwasi tu wa jambo la nyumbani.

Na dawa. Katika maswali ya lazima tunauliza dalili, mzio, dawa anazotumia, maradhi ya nyuma, alichokula mwisho, na kilichotokea kabla ya kuumwa. Ukiuliza "dawa" utatajiwa vidonge vya hospitali peke yake. Mitishamba haitajwi, wala vidonge vya presha alivyoazimwa na jirani. Kuna swali moja lililowahi kunitoa jasho kuliko machela yoyote. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua ambaye ameandikiwa nitrogliserini tunaweza kumsaidia aitumie, iwapo presha yake ya juu haipungui 100, lakini si kama ametumia dawa ya nguvu za kiume ndani ya siku moja au mbili zilizopita, kwa kuwa zikikutana presha huporomoka vibaya. Mzee alikuwa na umri wa baba yangu, mkewe ameketi kando yake, na wakwe wako mlangoni. Nilisema, "Shikamoo, mzee wangu, naomba familia itupishe kidogo nimpime mzee." Walipotoka nilimuuliza kwa sauti ya chini nikiwa namfunga kipimo cha presha mkononi, nikitazama kipimo, si uso wake. Alinijibu. Jibu lake ni siri yake, ila kile kidonge cha nitrogliserini kilibaki ndani ya kichupa.

Kwa hiyo jaribu, dada. Usisubiri.

Zamu ya Usiku (Nairobi)

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni EMT huku kwa mwaka wa sita, na nimesoma uzi huu nikitikisa kichwa kwa kukubali, hasa pale pa neno kuanguka. Naomba niongeze picha ya kwetu, kwa sababu kuna vijana wanaosoma hapa wakidhani kazi hii ipo Marekani peke yake.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikafafanua kwamba matibabu hayo yanaanzia kabla ya hospitali. Kwenye karatasi tuko vizuri. Barabarani hali ni nyingine. Hakuna nambari moja ambayo kila mtu anaipiga na gari la wagonjwa likaja. Kuna 999 na 112, Msalaba Mwekundu wana 1199, shirika la huduma ya kwanza la St John wana yao, na kampuni za binafsi kila moja na yake. Kwa hiyo mara nyingi ninapofika kwenye ajali ya matatu majeruhi wameshapakiwa nyuma ya pikapu na wasamaria wema, mmoja kashikwa makwapani na mwingine miguuni, shingo inaning'inia. Hapo mafunzo yangu yanaanza upya kwa ustadi ambao mtaala haukuutaja: namna ya kuzungumza na umati wenye huruma na haraka, bila kuudharau, ukauomba ushushe mtu taratibu ukiwa wewe mwenyewe umeshika kichwa chake. Nimejifunza kumtafuta yule anayepiga kelele zaidi na kumpa kazi ya kushika taa.

Swali langu ni hili. Nikija huko, cheti changu cha hapa kitatambuliwa?

Mbebamachela

Ndugu yangu Zamu ya Usiku, heshima kwako, kwa sababu sisi huku tunafika na polisi wamekwisha kufunga barabara. Hakuna kubadilishana cheti kwa cheti. Anayeamua ni ofisi ya huduma za dharura ya jimbo unalohamia, nami ninaowafahamu waliotoka nje waliishia kusoma kozi ya EMT upya na kufanya mtihani wa kitaifa. Waliona uchungu mwezi wa kwanza, kisha wakawa ndio wanaotufundisha wenzao kupima presha ndani ya gari linalotikisika. Waandikie wenye jimbo kabla hujakata tiketi, na uje na muhtasari wa masomo yako uliogongwa mhuri, si cheti pekee.

Hilo la kumpa mpiga kelele taa nimelichukua.

Mtazamaji

Mada nzuri, ila tusidanganyane. Hii ni kazi ya punda. Unasoma miezi mitano, unafanya mtihani, unabeba watu ngazini usiku wa manane, halafu mshahara haumfikii dereva wa lori. Tena mimi nimeishi huku miaka kumi na miwili na katika magari hayo sijawaona weusi zaidi ya wachache. Tuwe wakweli, ni kazi iliyobuniwa na wenyewe kwa ajili ya wenyewe.

Mbebamachela

Mkuu, la mshahara umesema kweli na sitalipamba. Takwimu za Wizara ya Kazi za Mei 2023 ziliweka kipato cha katikati cha EMT kuwa dola 38,930 kwa mwaka, na cha paramediki dola 53,180. Mimi hujazia kwa zamu za ziada. Anayetaka fedha za haraka apande lori. Wengi wanaitumia kazi hii kama ngazi ya kwendea uuguzi, zimamoto au uparamediki, na vyuo vinauthamini uzoefu huo.

Lakini hilo la pili nalikataa, kwa sababu historia inalikataa. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha huku kilitoa ripoti kwamba karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini ziliendeshwa na wenye nyumba za mazishi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na magari marefu ya kumlaza mtu. Gari lililokupeleka hospitali ndilo ambalo lingekupeleka makaburini, na aliyekuwa ndani yake hakuwa na mafunzo. Mwaka uliofuata, mjini Pittsburgh, katika mtaa wa weusi uitwao Hill District, ilianzishwa huduma iitwayo Freedom House. Daktari Peter Safar, mzaliwa wa Austria ambaye ni miongoni mwa waanzilishi wa mbinu ya kufufua moyo na mapafu, aliwafundisha vijana weusi wa mtaa ule ule, wengi wakiwa hawana ajira na baadhi hawakumaliza shule, kwa kiwango ambacho nchi ilikuwa haijakiona. Baadaye daktari Nancy Caroline akawaongoza, na mtaala wa kwanza wa kitaifa wa paramediki aliuandika kutokana na kazi aliyoifanya pamoja nao. Mwaka 1975 jiji liliivunja huduma ile na kuanzisha yake, na wengi wao wakasukumwa nje. Kwa hiyo kama huwaoni weusi garini, Mtazamaji, uliza waliondoshwaje, maana mwanzoni walikuwemo.

Mwalimu wetu alilitaja jambo hili kwa dakika tatu tu. Nilibaki baada ya kipindi nikamwomba aniambie zaidi.

Mtoto wa Uvira (Louisville, Kentucky)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi si mhudumu, mimi ni mtoto wa mgonjwa, na nina jambo la kuwaomba ninyi mlio ndani ya kazi hii. Mwaka jana mama yangu alishikwa na kizunguzungu, mkono mmoja ukalegea. Waliokuja walikuwa watu wema, lakini mfasiri alikuwa mdogo wangu mwenye umri wa miaka kumi na moja. Mama alipoulizwa kama anataka kwenda hospitali alisema hapana, kwa kuogopa bili, na mtoto akatafsiri "hapana", mama akapewa karatasi ya kutia saini kwamba amekataa. Baada ya saa tatu tulimpeleka wenyewe. Sasa anatembea kwa fimbo. Sitaki kumlaumu mtu, nataka kujua mafunzo yenu yanasema nini kuhusu hali kama ile.

Mbebamachela

Pole sana, ndugu yangu, na umpe mama pole zetu.

Mafunzo yanasema hivi. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa, hata kama anakosea, na kumbeba kwa nguvu ni kosa la jinai. Lakini kukataa hakuna thamani kama hakufahamu anachokikataa. Ni lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa tunachokihofia, na kinachoweza kumpata akibaki, kisha aeleze yeye mwenyewe kwa maneno yake alichoelewa. Na mtu anayeonyesha dalili za kiharusi, uamuzi wake wenyewe unatiliwa shaka, kwa sababu kiungo kinachoamua ndicho kinachougua. Katika hali hiyo tunapiga simu kwa daktari wetu wa zamu kabla ya kukubali karatasi. Mtoto hafai kuwa mfasiri isipokuwa pale pasipo na mtu mwingine na maisha ya mgonjwa yamo hatarini. Kuna mfasiri wa simu, na anapatikana kwa dakika chache.

Kuna swali jingine ambalo hupotea katika tafsiri, nalo ni saa. Hospitali inataka kujua ni lini mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu wakati huo. Wazee wetu wakikwambia "saa mbili" wanamaanisha saa ya Kiswahili, na mtoto aliyekulia huku anaweza kuitafsiri kuwa saa mbili ya Kizungu, na hapo umekosea kwa saa sita. Mimi sasa sikubali namba peke yake. Nauliza, "Ilikuwa kabla ya sala ya alfajiri au baada? Watoto walikuwa wamekwenda shule?"

Kuhusu bili, hospitali nyingi hazitozi zote papo hapo na nyingi zina mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo. Muulizieni mama mfanyakazi wa ustawi wa jamii pale alipotibiwa, hata sasa hamjachelewa.

Ng'wana Shinyanga

Naomba nichangie kidogo tu kuhusu nyumbani. Kwetu mpango wa m-mama unatumia nambari 115 kwa dharura za wajawazito na wachanga. Anayepokea simu anauliza maswali kwa mpangilio, na kama gari la wagonjwa haliko karibu anampigia dereva wa kijiji aliyekwisha kusajiliwa na kuelekezwa, naye hulipwa na mpango baada ya kumfikisha mama. Yule dereva si EMT, lakini nimesoma uzi huu nikaona kwamba kilichompa nafasi mama wa kijijini ni yale yale mliyoyasema, maswali yaliyopangwa kabla ya gari kuondoka.

Mbebamachela

Asante sana. Naomba kama unamfahamu dereva mmojawapo umwalike huku atusimulie.

Binti Pongwe

Kaka, nimerudi baada ya miezi mitano. Nilijiandikisha wiki ile ile uliyonijibu. Kozi nimeimaliza, mtihani wa kompyuta nimefaulu mara ya kwanza kwa kanuni yako ya kutochagua tiba kabla ya tathmini. Kilichoniangusha ni mtihani wa vitendo, kituo cha majeraha. Nilifanya kila kitu: mkanda wa kuzuia damu niliufunga vidole vinne juu ya jeraha, nikaandika saa, nikampa oksijeni, nikamfunika asipoteze joto. Mtahini aliniambia nimefeli tangu sekunde ya tano. Sikusema glavu! Nilikuwa nimezivaa tayari, lakini sikutamka. Narudia Jumamosi.

Mbebamachela

Dada, hata mimi nilikaribia kuanguka hapo hapo. Wanachokipima hakiko mikononi mwako tu, kiko kinywani, kwa hiyo kuanzia leo hadi Jumamosi usiingie chumba chochote bila kusema "glavu nimevaa, mahali ni salama", hata ukiwa unaingia jikoni, hata kama wifi yuko pale na atakushangaa. Ukifika kituoni sema hilo kabla ya salamu. Halafu Jumamosi jioni njoo utuambie.

Binti Pongwe

Wifi ameanza kunijibu, "Salama, ingia." Jumamosi saa nne asubuhi, ya Kiswahili.